Listi Iko kwa Nani?

Jamani, Marekani ukitaka kujua serikali imempa jirani yako pesa ngapi za shamba, unafungua intaneti, unachagua wilaya, jina linatoka na dola zake pembeni. Shirika la Environmental Working Group limekusanya malipo hayo tangu 1995. Hata mashemeji wanasoma! Huku Lubumbashi, uliza listi ya wanaopewa angre, yaani mbolea, ya serikali. Iko kwa fulani. Fulani yuko wapi? Amesafiri. Na listi amesafiri nayo.

Lakini msidhani kule ni peponi. Wakaguzi wa bunge lao walitangaza 2007 kwamba, kati ya 1999 na 2005, dola bilioni 1.1 za kilimo zilitoka kwa majina ya wafu zaidi ya 170,000. Na sisi tulidhani kulipa wafu ni ufundi wetu! Tena kule kuna mpango wa tangu 1985: shamba ambalo udongo wake unachukuliwa na maji linaachwa majani yaote miaka 10 mpaka 15, na mwenye shamba analipwa kila mwaka. Analipwa kwa kutolima, papa! Kando ya barabara ya Kasumbalesa kuna mabingwa wa kazi hiyo, hawajaona hata franka.

Huku hatuombi pesa ya kukaa. Tunaomba angre itangulie mvua. Hekta moja ya mahindi, kwenye udongo wetu mwekundu, inataka NPK 10-20-10, ile angre yenye nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kilo 300, yaani magunia 6, na urea, ile ya nitrojeni tu, kilo 200, magunia 4. Mstari na mstari sentimita 75, shimo na shimo 25: mimea kama 53,000. Kila shimo, NPK kifuniko kimoja cha chupa ya bia. Hiyo inaingia siku ya kupanda, pembeni ya mbegu, isiiguse, maana itaiunguza. Fosforasi haitembei udongoni. Ukiimwaga juu mahindi yakiwa marefu, inabaki palepale na mizizi haiioni. Urea inangoja mahindi yafike magotini, majuma 4 mpaka 6, udongo ukiwa na maji, na unaifukia. Ukiiacha juani nitrojeni inapaa, unabaki na harufu.

Sasa ikikuja Februari, mahindi yameota ndevu, uifanyie nini? Na badala ya magunia 10 unapewa 2, moja la NPK, moja la urea. Halafu mtu anayatawanya hekta nzima, kila mmea uonje kidogo, kama maji ya baraka. Mama, hapana! Msimu ukifika, pima mita 50 kwa 35, weka NPK yote pale, na urea kwa wakati wake, kilo 35. Hapo bukari, yaani ugali, itaonekana.

Kwa sasa fungeni magunia vizuri, muyapange juu ya mbao, mbali na ukuta. Urea inakunywa maji ya hewani. Likitoboka kidogo tu, mpaka Novemba ni jiwe. Na wakija wenye kalamu kuuliza hii angre imesaidia nini, waonyesheni: inazuia mlango usipigwe na upepo.