Hesabu ya George ilikuwa sahihi

Wengi wakimaliza kusoma riwaya ya Of Mice and Men ya John Steinbeck hutoka na neno moja: wale vibarua wawili, George na Lennie, waliotamani shamba lao wenyewe, walikuwa na ndoto za Alinacha. Mimi sikubali. Chukua kalamu tupige hesabu.

Kitabu kilitoka mwaka 1937, na kisa chote ni cha siku chache tu kwenye ranchi moja karibu na Soledad, California. (Soledad kwa Kihispania ni upweke, na mji huo upo kweli.) George na Lennie wanalipwa dola 50 kwa mwezi kila mmoja. Kuna kishamba George anakijua, wenyewe ni wazee walioishiwa, bibi anahitaji kupasuliwa, bei yake dola 600. Mwanzoni hiyo ni hadithi tu ya kumtuliza Lennie, jitu la miraba minne lenye akili ya mtoto, anayetaka kusikia tena na tena habari za sungura watakaowafuga hapo. Nimewahi kukaa na wakata miwa kambini, najua maneno hayo. Kila mtu ana kiwanja mdomoni na hakuna anayekuuliza kiko wapi.

Sasa mzee Candy, mfagiaji aliyepoteza mkono kazini, anasikia. Usiku uleule mbwa wake kikongwe ametolewa nje kupigwa risasi kwa sababu ananuka, na yeye ameshajua zamu inayofuata ni ya nani. Anasema mwisho wa mwezi atakuwa na dola 350. Ongeza 100 za akina George: 450. George anaona wenye shamba watakubali kwa hizo, nyingine atazitafuta taratibu. Wanatazamana, wamepigwa na butwaa. Hiyo si Alinacha tena. Huo ni mchango wa watu watatu, na unatimia.

Hata Crooks anayumba. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Ni mtunza farasi, mtu mweusi, mgongo umepinda kwa teke la farasi, analala peke yake kwenye chumba cha hatamu kwa sababu wazungu hawamtaki bwenini. Rafiki zake ni vitabu; kimojawapo ni nakala iliyochakaa ya sheria za California za mwaka 1905. Ameona mamia ya vibarua wakipita na shamba kichwani na hakuna hata mmoja aliyelipata, kwa hiyo anacheka. Aliposikia kuna pesa mkononi, akaacha kucheka, akasema angeweza kwenda nao, afanye kazi bila mshahara, ale tu. Mtu mwenye kiburi kile! Dakika chache baadaye mke wa Curley, mtoto wa bosi wa ranchi, anamtishia kamba ya shingoni, naye anarudi kwenye ganda lake, anadai alikuwa anatania. (Mke huyo hana hata jina kitabuni. Naye ana upweke wake, lakini Steinbeck alimbania.)

Halafu mke huyo anakufa mikononi mwa Lennie, bila kukusudia. Watu hufunga kitabu hapo vichwani mwao, lakini mimi husimama kwenye maneno machache yanayofuata ghalani. Lennie bado yu hai, amekimbilia mtoni. Candy anamuuliza George: si mimi na wewe bado tunaweza kukinunua? Swali la maana kabisa. Pesa ya mzee haijaenda popote. Shamba halijauzwa. Wawili wanaweza kulima.

George hasemi ndiyo. Anasema atamaliza mwezi wake, achukue dola zake 50, akalale danguro usiku kucha kama vibarua wengine.

Hapo ndipo ninapoona kilichokuwa kinanunuliwa. George amecheza karata peke yake bwenini tangu afike, watu wamemzunguka pande zote. Amelalamika mara ngapi kwamba bila Lennie angeishi kwa raha? Sasa anajua atabaki bila Lennie, na raha yenyewe ndiyo hiyo, danguro na dola 50. Sungura hakuwataka yeye. Alitaka mtu wa kusimuliwa habari za sungura.

George anaondoka. Candy anabaki kwenye nyasi kavu na maiti, anaanza kuisimulia ile hadithi mwenyewe, na hakuna anayemjibu.