Shemeji Katoka Cape Town, Tumekoma

Jamani, kabla hujamwombea mtu safari njema, fikiria kwanza siku atakayorudi. Wakenya walipoanza kuingia Afrika Kusini bila viza mwaka 2023, shemeji yangu hakukalika tena. Desemba kapanda ndege kaenda Cape Town. Tangu arudi, hapa Majengo, Mombasa, hatuna raha.

Saa sita mchana umekaa barazani, kikombe cha kahawa chungu mkononi, mara mtu anapiga "Buuum!" nyuma ya sikio. Kahawa yote kikoini. Ati kule Signal Hill kuna mzinga hupigwa kila siku saa sita, isipokuwa Jumapili. Haya, nani kamwajiri yeye awe mzinga wetu? Na Jumapili hapumziki!

Mlima wao ndio balaa zaidi. Table Mountain, juu bapa, zaidi ya mita 1,000, wingu likiulalia wenyewe wanaliita kitambaa cha meza. Unapandishwa na gari la kamba, sakafu inazunguka yenyewe, kila mtu aone kila upande pasi na kusukumana. Hapo nilicheka mpaka nikakohoa. Njoo mteremko wa feri Likoni saa kumi na mbili asubuhi: mama na beseni la samaki, baiskeli, magunia, kuku wa mtu. Huhitaji sakafu. Utazungushwa na watu, na ukifika ng'ambo umeona pande zote na kiatu kimoja huna.

Nikamuuliza, na upepo je? Akababaika. Kumbe upepo wa kusini-mashariki ukizidi, gari lile halipandi, na siku ya kwanza alikaa chini akiutazama mlima kama sisi wengine tunavyoutazama kwenye simu. Hilo barazani halisemi. Na huyuhuyu, maporomoko ya Sheldrick pale Shimba Hills, ukishavuka feri tu, hajakanyaga maishani mwake.

Bahari nayo? Kajitosa Camps Bay kwa mbwembwe, mtoto wa pwani, katoka mbio meno yanagongana. Mkondo wa Benguela, ule wa maji baridi, hauna habari na kiangazi. Sasa tukienda Nyali ananuna, ati maji yetu yana uvuguvugu, hayamshtui mtu.

Nisimwonee, mtaa wa Bo-Kaap alinipatia. Nyumba za waridi, kijani na manjano zimepangana mlimani, na msikiti wa Auwal upo tangu 1794. Magharibi ya Desemba, asema, huingia karibu saa mbili usiku. Hapo nilisikiliza kwa adabu zote. Kisha akaharibu: sasa kwetu tunaadhiniwa, yeye bado anatafuna viazi karai, eti mwili haujarudi.

Lakini lililonifilisi ni pengwini. Kawaambia wanangu kwamba Boulders wapo ufukweni, wanatembea wima, wanalia sauti ya punda. Kitinda mimba wangu kagoma kula, anataka pengwini wa mjomba. Nikaenda Kongowea nikamnunulia bata mweusi mwenye kifua cheupe, bei ya kuniua. Mtoto karidhika, kala wali wote. Jioni shemeji kaja, kamwinua bata, kamgeuza huku na huku, kasema mbele ya mtoto: "Huyu hata kulia hajui."

Sasa tuko wawili tunaomfundisha.