Bawaba ya Juu Inatufaa, Ila Tuanze Kukagua Kapi

Kwenye njia za miguu zinazopita katika mashamba ya kahawa juu ya Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon nchini Uganda, wakulima huchimba vijitaro vinavyokingama njia ili maji ya mvua yasichukue udongo, na ukingo wa upande wa chini huuimarisha kwa mawe. Kijitaro chenyewe ni chembamba, mtoto anakiruka bila hata kukiangalia. Kwa anayeshuka na baiskeli, hata hivyo, yale mawe ni ukuta mdogo uliosimama wima. Gurudumu la mbele unaweza kuliinua kwa mikono, lakini la nyuma hujigonga kwa nguvu zote, kiti kinakurusha, na kasi uliyokuwa nayo inakatika kana kwamba mtu amekushika shati. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kigongo hicho ni sehemu ya mchezo. Miezi michache iliyopita nilihamishia vifaa vyangu kwenye fremu mpya yenye bawaba ya juu, nikashuka njia ile ile, na tangu hapo nina maoni ambayo ningependa kuyaeleza kwa kirefu, kwa sababu wenzangu wa Mbale na Jinja walioanza kuulizia fremu za aina hii wananiuliza inashukaje, wakati swali linalostahili kutangulia ni lile la kapi lake, kigurudumu kidogo kinachoongoza mnyororo.

Nianze na bawaba yenyewe. Katika baiskeli ya mlimani yenye shokomzoba nyuma, gurudumu hushikwa na mkono ulioungwa na fremu kwa bawaba kuu, na mkono huo hupanda na kushuka kadiri njia inavyotaka. Kwa fremu nyingi bawaba hiyo imekaa karibu na ekseli ya pedali, kwenye usawa wa chenwili, lile gurudumu la meno linalozungushwa na pedali. Matokeo yake ni kwamba gurudumu linapogonga jiwe hupanda juu na, kwa sehemu kubwa ya mwendo wake, huvutwa mbele, yaani upande ule ule ambako jiwe liko. Nguvu ya jiwe inasukuma gurudumu nyuma, fremu inalipeleka mbele, na mzozo huo ndio kigongo unachokisikia kiunoni. Ukiinua bawaba hadi juu kabisa ya chenwili, ekseli ya gurudumu huanza safari yake ikiwa chini sana ya bawaba, kwa hiyo hupanda huku ikirudi nyuma. Gurudumu linaondoka mbele ya jiwe badala ya kushindana nalo.

Jambo hili halihitaji maabara, linahitaji karatasi na kanuni ya pembetatu tuliyofundishwa shuleni. Chukua mkono wa nyuma wenye urefu wa milimita 450, na bawaba iliyo milimita 150 juu ya ekseli ya gurudumu. Baiskeli ikiwa imetulia, umbali wa mlalo kati ya bawaba na ekseli ni takriban milimita 424. Gurudumu likipanda milimita 150, ekseli inalingana na bawaba na umbali unakuwa milimita 450 kamili. Maana yake gurudumu limerudi nyuma milimita 26 katika safari hiyo, na sehemu kubwa ya kurudi huko hutokea mwanzoni, wakati jiwe linapoguswa. Milimita 26 ni kama upana wa vidole viwili vya mkono wangu, lakini kwenye kile kijitaro cha Sipi tofauti yake ni kubwa kuliko kubadilisha tairi, kuliko kupunguza upepo, na kuliko marekebisho yote ya shokomzoba niliyowahi kuyafanya.

Wazo si geni. Karibu na mwaka 2000, Balfa ya Quebec ilikuwa ikiuza BB7, baiskeli ya kushuka mlima iliyojengwa kwa msingi huu huu. Baadaye Commencal ya Andorra ililirudisha kwenye mashindano kwa baiskeli yake ya Supreme, na Amaury Pierron wa Ufaransa akatwaa taji la jumla la Kombe la Dunia la kushuka mlima mwaka 2018 akiwa juu ya baiskeli hiyo. Kilichobadilika baada ya hapo ni kwamba bawaba ya juu ilitoka katika baiskeli za mashindano zinazopandishwa mlimani kwa gari, ikaingia katika baiskeli ambazo mwenyewe unazipandisha kwa miguu yako. Forbidden ya Kanada ilileta Druid mwaka 2019, ambayo gurudumu lake la nyuma hupanda milimita 130 tu, na Trek ikafuata kwa Slash ya mwaka 2023. Hapo ndipo mazungumzo yanapotuhusu sisi, maana huku Elgon hakuna gari la kukupandisha. Unapanda kwanza, saa mbili au tatu, ndipo ushuke.

Sasa ukishainua bawaba umezaa tatizo kwenye mnyororo. Gurudumu linaporudi nyuma, umbali kati ya chenwili na friwili, yaani meno ya gurudumu la nyuma, unaongezeka, na mnyororo ulionyooka juu kati ya viwili hivyo hauna pa kupata urefu wa ziada isipokuwa kwa kuzungusha chenwili kinyumenyume. Mwendeshaji anasikia pedali zikimrudi chini ya nyayo kila anapogonga jiwe. Dawa iliyokubalika ni kapi, yaani kigurudumu chenye meno kinachofungwa karibu na bawaba, ambacho mnyororo hupita juu yake kabla ya kuelekea nyuma. Kwa kuwa kapi liko jirani na kitovu cha mzunguko, urefu wa mnyororo kutoka hapo hadi friwili haubadiliki sana hata gurudumu lipande vipi. Upande wa chini mnyororo bado unarefuka, na huko kazi hubaki kwa mkono wa kubadilisha gia, huku baadhi ya fremu zikiongeza kapi la pili dogo chini ya chenwili ili mnyororo uendelee kuyakumbatia meno vizuri.

Watengenezaji hulieleza kapi kwa sentensi moja au mbili, halafu hurudi kwenye sifa za bawaba. Ninaona hilo ni kosa. Bawaba haina ujanja mwingi, ni tundu lenye beringi lililotobolewa mahali pa juu zaidi. Ubora au ubovu wa fremu ya aina hii, kwa mtu anayeishi mbali na duka la vipuri, umo ndani ya kile kigurudumu.

Nilijifunza hayo kwenye mpando, nikiwa nimekwisha kuipita Muyembe, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku. Kapi lilikuwa limezoea kutoa mvumo mdogo, sauti kama ya nyuki aliye ndani ya debe, na nilikuwa nimeshaacha kuusikia. Siku hiyo mvumo ukawa mkwaruzo, mkwaruzo ukawa ukimya, na pedali zikawa nzito kana kwamba nimebeba abiria. Nilishuka nikakuta kapi limeganda, mnyororo ukiteleza juu ya meno yasiyozunguka. Nilirudi Mbale kwa kuteleza na kukokota, hadi kwa mzee anayenitengenezea baiskeli tangu zama nilipokuwa na baiskeli ya kawaida ya chuma.

“Habari ya kazi, mzee,” nilimwambia, nikamwekea baiskeli mbele yake. Hakujibu mara moja. Alilisukuma kapi kwa kidole gumba, akachokonoa tope jekundu kwa ncha ya bisibisi, kisha akasema, “Mwanangu, hili tope halikuingia leo. Limekaa humu siku nyingi, limekosa pa kutokea.” Alikuwa sahihi. Mtengenezaji alikuwa ameweka kifuniko kizuri cha plastiki juu ya kapi ili kuzuia matope yanayorushwa na tairi, lakini hakuacha tundu la kutolea maji chini yake, na udongo wa Elgon ukishalowa hushika kama ugali kwenye sufuria. Zaidi ya hayo, bolti ya kapi ilikuwa imejificha nyuma ya chenwili, kwa hiyo ilibidi mkono wa pedali utolewe kwanza. Na kapi lenyewe liliuzwa likiwa zima, beringi ikiwa imeshindiliwa ndani, bila dokezo lolote kwamba inaweza kubadilishwa peke yake. Mzee alilibana kwenye jiriwa, akaisukuma beringi nje polepole kwa soketi, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka namba ikasomeka: 6902. Ni beringi ya kawaida, tundu la milimita 15, kipenyo cha nje 28, unene 7. Ililetwa kutoka Kampala kwa basi siku iliyofuata. Lau mtengenezaji angetumia kipimo chake mwenyewe, ningekaa wiki kadhaa nikisubiri kipande kidogo kuliko kizibo cha dumu kije kwa ndege.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza ninalolitazama sasa ni namba ya beringi, na muuzaji asiyeweza kunitajia namba hiyo simwamini katika mengine. Jambo la pili ni idadi ya meno. Kila kiungo cha mnyororo kinapopita juu ya kapi hulazimika kujikunja, na pembe ya mkunjo huo ni digrii 360 kugawanywa kwa idadi ya meno. Kapi la meno 12 linakunja kila kiungo digrii 30, la meno 18 linakikunja digrii 20 tu. Mkunjo mkubwa unamaanisha msuguano zaidi, kelele zaidi na mnyororo unaokwisha mapema, na vumbi letu la kiangazi linaongeza yote matatu. Wanaotengeneza kapi dogo husema linapunguza uzito. Gramu chache hizo sizitaki kwa bei hiyo, kwa kuwa mpando wa kwenda Kapchorwa ni mrefu na kila mzunguko wa pedali unalipia msuguano ule ule. Nitaongeza kwa haraka kwamba baadhi ya fremu hizi huhitaji mnyororo mrefu kuliko viungo 126 vinavyouzwa katika pakiti moja, kwa hiyo ukinunua mnyororo mpya usitupe mabaki ya ule uliotangulia kabla ya kuhesabu.

Upande wa breki na kona, ninaisifu fremu hii kwa tahadhari. Ukibana breki ya nyuma kwenye mteremko mkali, baiskeli ya kawaida huinua mgongo wake na kukusukuma juu ya usukani. Fremu ya bawaba ya juu, breki ikiwa imefungwa kwenye mkono wa nyuma bila kiungo cha pembeni, hufanya kinyume: breki inauvuta mgongo chini, na baiskeli inabaki imetulia chini yako. Kwenye makorongo ya juu ya Sipi utulivu huo unaondoa hofu. Gharama yake ni kwamba shokomzoba hukakamaa wakati breki imeshikwa, hivyo ukifika kwenye kijitaro ukiwa bado umebana, ule ulaini wote uliolipia haupo. Ilinichukua wiki tatu kufundisha vidole vyangu kuachia breki kabla ya mawe na kuishika tena baada yake.

Kona ni ngumu zaidi. Gurudumu la nyuma likirudi nyuma huku foki ya mbele ikizama, baiskeli inarefuka nyuma na kufupika mbele, na gurudumu la mbele linapungukiwa na uzito pale pale unapolihitaji lishike. Katika kona kali za njia za kahawa nililazimika kuinamia usukani kuliko nilivyozoea. Ninapendezwa na uamuzi wa Forbidden wa kutofautisha urefu wa nyuma wa fremu kwa kila saizi, kwa sababu mtu mrefu na mtu mfupi hawawezi kutendewa haki na kipimo kimoja, na kwa fremu zinazobadilika urefu zikiwa mwendoni haki hiyo ni muhimu maradufu.

Kwa anayeendesha lami ya Kampala na barabara za vumbi zilizosawazishwa, fremu hii ni mzigo usio na faida. Kwa sisi tunaoshuka juu ya mawe na mizizi, bado ninaitetea. Yangu sijaiuza. Mzee ametoboa tundu mbili ndogo chini ya kile kifuniko, na kila nikirudi kutoka mlimani ninamwaga maji ya kopo moja juu ya kapi na kuangalia yanavyotoka chini, mekundu kwanza, kisha meupe.