Rangi nzito, tina ipi?

Kwenye gereji za Tabora mjini kuna usemi uliozoeleka: rangi ikiwa nzito, ongeza tina, petroli au mafuta ya taa, chochote kilichopo, mradi ipite kwenye bomba la kupulizia. Wenye usemi huo wana hoja. Rangi za mafuta za milango na mageti hukubali mafuta ya taa, bei ni nafuu, na ingawa huchelewa kukauka, hukauka.

Ila wanahesabu kiasi tu. Kinachoishikilia rangi ukutani au kwenye bati ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli. Polima ikikutana na kiyeyushi (kimiminika cha kuilainisha, kama tina) kinachoelewana nayo, minyororo hutanuka. Kisipoelewana nayo, hujikunyata. Katikati ipo hali ambayo mvutano na msukumano hulingana. Paul Flory, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 1974, ndiye aliyeieleza. Polistaireni, aina ya plastiki, ikiwa ndani ya kiyeyushi kiitwacho saikloheksani, huifikia hali hiyo kwenye nyuzijoto 34 hivi za Selsiasi.

Hapa kuna hesabu ambayo haiishi kunishangaza. Katika hali hiyo ya kati, upana wa mnyororo hukua kwa kipeo cha 0.5 cha urefu wake. Kwenye kiyeyushi kizuri, 0.588. Tofauti inaonekana ndogo mno. Sasa chukua mnyororo wa viungo 10,000: upana wa 100 unakuwa 225 hivi. Upana umezidi mara mbili, ujazo umefika kama mara 11! Na muda ambao mnyororo uliovutwa hutumia kurudi katika umbo lake hufuata ujazo huo. Mnyororo mpana unaochelewa kurudi huzuia zaidi mtiririko. Kwa hiyo, polima ikiwa chache, kiyeyushi kizuri ndicho kinachofanya mchanganyiko uwe mzito, usitiririke kwa wepesi. Fundi anayeapa kwamba petroli imelainisha rangi kuliko tina huenda ameona kweli: minyororo imejikunyata.

Polima ikiwa nyingi, mambo hugeuka. Kwenye kiyeyushi kibaya minyororo hung'ang'aniana yenyewe kwa yenyewe, na rangi huanza kuwa madonge. Nitroselulosi, polima ya baadhi ya rangi za magari, haiyeyuki kwenye petroli. Ukizidisha petroli, polima hujitenga na koti la rangi hupauka. Joto nalo lina sauti: mchanganyiko uliotulia mchana wa Oktoba unaweza kukataa asubuhi ya baridi ya Julai.

Kabla ya kumwaga kopo zima, changanya kidogo kwenye chupa ya kioo inayoonyesha ndani, kwa vanishi ya aina hiyohiyo isiyo na rangi. Ikifanya ukungu au ikaacha nyuzi, kiyeyushi hicho hakifai, hata kama kinapita vizuri kwenye bomba.