Mimi Si Mtu wa Meli

Sisi tuliokulia Mji Mkongwe wa Zanzibar tunawajua watu wa meli. Wanashuka asubuhi, wanamfuata mtu aliyeinua kibendera, wanapiga picha milango, wanauliza bei ya kofia. Ikifika saa saba, hao, wanarudi bandarini kula chakula walichokwisha kulipia.

Kwa hiyo dada yangu anayefanya kazi Dubai aliponilipia safari ya meli kutoka Singapore, niliapa sitakuwa mmoja wao. Tulipofunga gati la Swettenham, George Town, kisiwani Penang, Malaysia, yeye akapanda basi la matembezi kwenda hekalu la Kek Lok Si, nje ya mji. Mimi nikatoka getini kwa miguu. Saa kumi natakiwa niwe ndani.

George Town inamfaa mtembea kwa miguu kwa sababu gati liko mjini hasa. Ratiba ikikuandikia "Bangkok", jua utashushwa Laem Chabang, zaidi ya kilomita mia kutoka mjini. Hapa unavuka barabara tu, unaupita mnara wa saa wa Malkia Victoria, futi 60, moja kwa kila mwaka wa utawala wake hadi 1897. Mimi na minara ya Waingereza hatuna maongezi marefu.

Mbele ya maduka ya zamani kuna njia zilizofunikwa, wenyewe wanaziita kaki lima, "futi tano", zilizowekwa ili mtu apite kivulini. Kupita kwenyewe ndiyo kazi. Hapa pikipiki, pale marobota ya vitambaa, kule madhabahu ndogo inafuka ubani, na mzee kaweka kiti chake katikati anasoma gazeti. Unashuka barabarani, unapigiwa honi, unapanda tena. Wageni wengi linawakera hilo. Mimi nilicheka: hizi ni baraza. Barazani watu wanakaa, anayetaka kupita ndiye anayeomba radhi.

Mtaa wa Masjid Kapitan Keling una kanisa la 1818, hekalu la Wachina la Kuan Yin, na msikiti wa Waislamu wa Kihindi ulioanzishwa 1801. Hekalu la Wahindu liko ubavuni. Kwenye utalii wanauita mtaa wa maelewano. Jina kubwa mno. Kwetu kuna kanisa la Minara Miwili, hekalu la Hurumzi na misikiti kila kona, na hatujauita chochote, ni majirani.

Kilichonichelewesha zaidi ni mabango. Kimalei sikijui, lakini nilikuwa nasimama kila duka kama mtoto anayejifunza kusoma: sabun, nanas, dunia, Jumaat. Mtu akiniuliza "Apa khabar?" nusu ya swali nimeshaielewa. Waarabu na bahari wamefanya kazi yao pande zote mbili.

Halafu njaa. Hapa ndipo mtu wa meli anapojulikana, kwa sababu sahani ya bure inamwita gatini, na mji unabaki na nyayo zake tu. Mimi nikaingia kwenye mkahawa wa nasi kandar. Nasi ni wali, kandar ni mzega: zamani wauzaji, Waislamu wa Kitamil, walichukua wali na michuzi begani kwa mti, huku na huku. Ukisema "kuah banjir" unaomba mchuzi ufurike, basi anakuchotea wa samaki, wa kuku na wa mboga, vyote juu ya wali mmoja. Mama angeona ni uharibifu. Nilikula kwa mkono, nikaongeza bamia, nikashushia chai ya maziwa iliyovutwa kikombe hadi kikombe mpaka ikatoa povu.

Gati nililifikia saa kumi kasoro dakika sita, shati limelowa jasho. Dada alikuwa mezani, mbele yake tambi.

"Hekalu je, dada?"

"Zuri. Tulipewa dakika arobaini." Akanishika mkono, akaunusa vidole. "Umekula nini weye?"