Nani Afufue Shamba Kongwe la Mvinyo?

Kwenye maduka makubwa ya Masaki na Mikocheni, Dar es Salaam, rafu za mvinyo zimejaa chupa za Afrika Kusini, na nyingi zinajivunia mwaka ambao shamba lilianzishwa. Ninachotaka kupima ni iwapo shamba la namna hiyo likishaanguka, ni lazima familia ndiyo ilisimamishe.

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito, nayo ni shamba la Klein Constantia, karibu na Cape Town. Ni sehemu ya shamba la Constantia alilolianzisha Simon van der Stel, mtawala wa koloni la Waholanzi huko Cape, mwaka 1685. Mvinyo mtamu wa Constantia ulipendwa na wafalme wa Ulaya, na Napoleon aliletewa akiwa kifungoni Saint Helena. Karne ya 19 ikauangusha: ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu mweupe kwenye mizabibu, kisha wadudu wa filoksera wanaokula mizizi, huku Uingereza ikiupunguzia ushuru mvinyo wa Ufaransa. Mwaka 1980 familia ya Jooste ilinunua Klein Constantia likiwa limechakaa, ikapanda mizabibu upya. Zabibu za mvinyo huo mtamu huachwa kwenye mzabibu hadi zisinyae, na wachumaji hurudia safu zilezile mara kadhaa. Mavuno ya kwanza ya Vin de Constance, jina la mvinyo huo uliofufuliwa, yalikuwa ya 1986, yakatiwa kwenye chupa ya nusu lita yenye umbo la ile ya kale. Mwekezaji anayedai faida kila mwaka asingesubiri kiasi hicho.

Hata hivyo, mwaka 2011 familia hiyo iliuza shamba kwa wawekezaji Zdenek Bakala na Charles Harman, na mvinyo haukufa. Jirani yake, Groot Constantia, lilinunuliwa na serikali mwaka 1885 na tangu 1993 liko chini ya wadhamini. Nalo linazalisha hadi leo. Tena, ukongwe huo unaotangazwa ulijengwa kwa jasho la watumwa, wengine wakiwa wametolewa Msumbiji na Madagaska. Sisi wa pwani hii hatuwezi kulipita jambo hilo kimya, na atakayefufua jina hana budi kulifufua pamoja na habari zao.

Kwa maoni yangu, familia ina nguvu zaidi mwanzoni, pale panapohitajika subira; baada ya hapo, kinacholinda shamba ni masharti yanayombana mmiliki yeyote.

Dodoma inanifanya niamini hivyo. Kilimo cha zabibu kilianzia kwa wamisionari, na kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ilipodorora, mizabibu ilibaki hai mikononi mwa kaya za wakulima wadogo. Wanavuna mara mbili kwa mwaka, wanauza zabibu au kuzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu, lakini wanunuzi wakikosekana matunda yanawaozea. Subira wanayo tayari. Wanachokosa ni matangi ya kuhifadhia mchuzi huo, na mkataba wa bei uliosainiwa na kiwanda kabla mkulima hajaanza kupogolea.