Picha arobaini za kofia moja

Anayetaka kujifunza kroshia siku hizi hangoji mpaka shangazi apate nafasi. Anafungua simu na kukuta mtu ameweka picha arobaini za kufuma kofia ya mtoto, kuanzia kitanzi cha kwanza hadi uzi unapokatwa. Mtindo huo umeenea katika kila burudani ya mikono: kusuka, kukunja karatasi, kuunda ndege za mfano, kutengeneza baiskeli. Wanaoupenda husema umewapa mwalimu watu ambao wasingempata. Wanaoulalamikia husema picha zinakula bando na mwisho wake mtu bado hajui afanye nini. Mimi naona walalamikaji hawasikilizwi inavyostahili, ingawa katika jambo moja wamekosea kabisa, nitalifikia.

Kwanza hoja ya watetezi, kwa sababu ina mizizi mirefu. Katikati ya karne ya 18 mjini Paris, Denis Diderot, mtoto wa mfua visu, alisimamia ensaiklopidia iliyotaka kueleza hata kazi za karakana. Kueleza kitanda cha mfumi, kile cha kufumia nguo, au kalibu ya msubi wa chuma kwa maneno peke yake ni kazi isiyokwisha, na msomaji ambaye hajawahi kukiona kifaa chenyewe huishia kukisia. Kwa hiyo juzuu 17 za maandishi zilikwenda na juzuu 11 za michoro, ya mwisho ikatoka mwaka 1772. Humo mna zana moja moja, karakana nzima, na mara nyingine mikono tu ikiwa kazini.

Kroshia yenyewe inawapa watetezi ushahidi mwingine. Stichi ambayo Mmarekani anaiita singo, Mwingereza anaiita dabo. Na dabo ya Mmarekani ni trebo ya Mwingereza. Mtu akifuata maelekezo ya maneno tupu bila kujua yametoka upande gani, anaweza kufuma hadi mwisho na kupata kitu kirefu kuliko kilichokusudiwa, na asijue kosa liko wapi. Picha inamwokoa papo hapo: anatazama kimo cha stichi, analinganisha na yake. Na anayefuma kwa mkono wa kushoto anaweza kuigeuza picha kwenye simu kama inavyoonekana kwenye kioo, akapata somo lake.

Lakini angalia Wajapani walichofanya katika kroshia hiyohiyo. Hawakuongeza picha. Walitumia chati ya alama, kila stichi na alama yake, ukurasa mmoja ukabeba kitambaa kizima. Katika sanaa ya kukunja karatasi Akira Yoshizawa alifanya vivyo hivyo: mwaka 1954 alichapisha mfumo wake wa mistari na mishale, ambapo mstari wa vikato humaanisha kunja kuelekea juu na mstari wa vikato na nukta humaanisha kunja kuelekea nyuma. Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin wa Uingereza wakauendeleza miaka ya mwanzo ya 1960, na hadi leo mtu wa Nairobi anaweza kukunja kazi ya Mjapani bila kusoma neno lake hata moja. Mfumo huo umedumu kwa sababu mchoraji amekwisha kuamua kipi kionekane na kipi kiachwe.

Hapo ndipo ninapowakosoa wapiga picha wengi. Kamera haiamui. Inachukua uzi, kucha, kitambaa cha meza na kivuli cha mkono, vyote kwa uzito mmoja. Mtu anapopiga picha kila baada ya hatua mbili na kuziweka zote, kazi ya kuchagua haijafanyika, imehamishiwa kwa anayejifunza. Ndiyo maana katika picha arobaini za kofia utakuta kumi za mizunguko inayofanana kama mapacha, halafu pale pagumu, mzunguko unapoungwa au stichi zinapopunguzwa kuelekea utosini, kuna picha moja tena yenye ukungu. Haishangazi: mahali pagumu mikono yote miwili ina kazi, ya kushika simu haipo.

Jaribu kufundisha kusuka ukili, utepe wa miyaa wa kushonea mikeka, kwa picha uone. Katikati ya utepe ni rahisi, chane moja juu, nyingine chini. Shida iko ukingoni, pale chane inapofika mwisho, inakunjwa na kurudishwa ndani. Picha itakuonyesha iliyo juu. Iliyopita chini imefichwa, na ndiyo uliyotaka kuijua. Picha ya pili inakuta mkunjo umekwisha kufungwa. Ukiweka picha mia za ukili wa rangi moja hutapata kitu, lakini ukitia rangi chane mbili tu, moja nyekundu na moja ya zambarau, picha nne zinatosha, kwa sababu jicho linaona nyekundu iliingilia wapi na ikatokea wapi. Na bado patahitajika sentensi ya kusema ukaze kiasi gani, kwa kuwa mkazo hauonekani kwenye picha yoyote. Video ingesaidia kwenye mwendo wa vidole, sikatai, ila mtu mwenye miyaa mapajani hawezi kila mara kuirudisha nyuma kwa kidole kimoja.

Gharama nayo si jambo dogo kama wenye waifai wanavyodhani. Picha moja ya simu ya leo ina MB tatu au nne. Arobaini zinafika zaidi ya MB 100 zisipopunguzwa, ilhali maelezo yake yakiandikwa kwa maneno hayafiki hata KB kumi. Zikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa, bando linapona, lakini kinachopotea kwanza ni vitu vyembamba, yaani nyuzi zenyewe. Asiyeona, anayesomewa na simu yake, anapata kidogo zaidi: atasikia neno "picha" likirudiwa, wakati maelekezo yaliyoandikwa stichi kwa stichi angeweza kuyafuata hadi mwisho.

Kisha kuna suala la kudumu. Katikati ya mwaka 2017 kampuni ya Photobucket, iliyokuwa ikihifadhi bure picha za watu na kuziruhusu zionekane kwenye tovuti nyingine, ilianza kudai karibu dola 400 kwa mwaka kwa huduma hiyo. Picha za wasiolipa zilifunikwa na tangazo. Mwaka uliofuata kampuni ililegeza masharti, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Maelekezo ya miaka mingi ya kuunda mifano, kufufua magari ya zamani na kushona yakabaki na mistari ya "fanya kama inavyoonekana hapa chini", na hapa chini hapana kitu. Yaliyonusurika ni yale ambayo mwandishi alijisumbua kutaja vipimo na sababu.

Sasa lile ambalo walalamikaji wamekosea. Wanasema picha za hatua kwa hatua ni majivuno tu, mtu anaonyesha kwamba ameweza. Miaka ya nyuma ningekubaliana nao kidogo. Lakini sasa mitandaoni zimejaa picha za wanasesere wa kroshia zilizotungwa na akili bandia, zinazopendeza mno na hazifumiki, na wapo wanaouza maelekezo ya kuwafuma kwa fedha. Picha ya mwisho iliyong'aa haithibitishi tena kitu. Picha ya mzunguko wa tano, uzi umekaa upande kidogo na stichi moja imelegea, inathibitisha kwamba kuna mtu aliyeifuma kweli. Kwa anayenunua maelekezo, hiyo ndiyo dhamana pekee aliyo nayo kabla ya kutoa pesa yake, na siwezi kumshauri fundi yeyote aifute ili kuokoa MB tatu.

Kwa hiyo sipiganii idadi. Ninachodai ni kwamba anayetoa maelekezo ampe kwanza mtu asiyeijua kazi hiyo, akae pembeni bila kusema, atazame mikono inasimama wapi. Hapo ndipo picha iongezwe, ipigwe kutoka upande wa macho ya anayefuma na si wa mtu aliyeketi mbele yake, kwa uzi mnene wenye rangi isiyofifia, na chini yake kuandikwe kipimo na sababu. Zile ambazo mwanafunzi alizipita bila kuzitazama ziondolewe, hata kama ndizo zilizotoka vizuri zaidi.